Mshale Umempata, Kulungu Hapatikani

Barua nne za toleo hili zinahusu mnyama aliyejeruhiwa akapotea, au anayekaribia kupotea. Mbili zinamhusu mwana wa Webuye anayeishi Marekani, ambako kuwinda kulungu kwa upinde ni halali kwa mwenye kibali. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo tunayoeleza kuhusu kuwinda yabaki huko huko. Aliyemwona mnyama amejeruhiwa hapa nyumbani aruke moja kwa moja hadi barua ya mwisho.

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Webuye, nafanya kazi Minnesota. Jioni moja mwezi wa kumi nilikuwa juu ya ulingo mtini, kulungu jike akapita kama mita 32 kutoka nilipokuwa. Alikuwa ameinua kichwa ananusa. Nikaachia mshale. Nilisikia mlio mzito, kama wa kupiga gunia la mahindi, akapinda mgongo na kuondoka polepole. Mshale niliukuta una damu nyeusi-nyeusi yenye harufu. Baada ya dakika 20 nikaanza kufuata damu kwa tochi. Kama mita 120 mbele nikamkurupua alipokuwa amelala, akatimua mbio, na damu ikakatika. Usiku mvua ikanyesha. Kesho yake nilizunguka msituni mchana kutwa bila kuona kitu. Tangu hapo silali vizuri. Wenzangu wanasema nisahau, kulungu ni wengi. Nilikosea wapi? Atakuwa amekufa? Je, niache uwindaji? (Mwana wa Webuye, Minnesota)

JIBU: Pole sana, ndugu. Tuanze na swali lako la katikati, maana ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, karibu hakika amekufa. Damu ya rangi nzito yenye harufu, mgongo uliopinda na mwendo wa taratibu ni dalili za mshale uliopita kwenye ini, kwenye tumbo, au kote kuwili. Jeraha la ini huua ndani ya saa chache. La tumbo huweza kuchukua nusu siku au zaidi. Tunakwambia wazi kwa sababu anayefarijiwa kwa "labda amepona" hubaki akiuliza swali lilelile kila usiku.

Kuhusu kosa: yalikuwa mawili, na kubwa si la kulenga. Kubwa ni zile dakika 20.

Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kumwaga damu. Kulungu aliyepigwa tumboni hajui amepigwa na nini. Asipofukuzwa, kwa kawaida huenda mita 50 hadi 150, akatafuta kichaka, akalala. Akiachwa hapo, hapo ndipo anapofia. Akikurupuliwa, hofu humpa nguvu mpya, anaweza kwenda kilomita nzima, na mara hii haachi alama, kwa kuwa mafuta au kipande cha utumbo kimeshaziba tundu. Ndiyo maana damu yako ilikatika palepale alipoinuka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kuachia mshale ni kukaa kimya juu ya ulingo na kukariri mambo matatu: mnyama alisimama wapi, ulimwona mara ya mwisho kwenye mti gani, na ulisikia nini baada ya hapo. Piga picha ya upande alikoelekea ukiwa bado juu, maana ukishuka chini msitu hubadilika sura kabisa. Kisha uteremke bila kelele, uende hadi pale aliposimama tu, uokote mshale.

Usiufute. Uangalie kwa mwanga mweupe, kutoka kwenye kigumba hadi kwenye manyoya, kisha uunuse. Damu ya waridi yenye vipovu vidogo imetoka kwenye mapafu: ngoja nusu saa hadi saa moja, na mara nyingi utamkuta ndani ya mita 150. Damu nyekundu iliyokolea, isiyo na povu, ni ya ini: ngoja saa 4 hadi 6. Utelezi wa kijani au kahawia wenye chembechembe za majani yaliyotafunwa na harufu ya samadi mbichi ni wa tumbo: ngoja saa 8 hadi 12, maana yake aliyepigwa jioni hufuatwa asubuhi. Dalili zikichanganyika kama zako, fuata ile inayodai muda mrefu zaidi. Damu nyekundu angavu isiyo na povu, inayoanza kwa wingi kisha ikapungua hadi matone, mara nyingi ni ya msuli, na wengi wa hao hupona. Mshale ukiwa na mafuta meupe na damu kidogo tu, ulipita juu ya uti wa mgongo au chini ya kidari.

Hapa kuna imani moja inayofaa kuzikwa. Wawindaji wengi husema kuna nafasi tupu kati ya mapafu na uti wa mgongo, ambamo mshale hupita bila kudhuru. Haipo. Mapafu hujaa hadi kwenye uti. Mnyama aliyepigwa "juu ya mapafu" akaishi, alipigwa juu ya uti wenyewe, ambao karibu na mabega huwa chini kuliko watu wanavyodhani.

Manyoya ya mnyama pia husema. Meupe, marefu na makavu ni ya tumboni. Ya kahawia yenye ncha nyeusi ni ya mgongoni. Yachukue machache uyatie kwenye karatasi pamoja na picha ya mshale; mtu mwenye uzoefu atakusomea hata kwa simu.

Na mvua je? Hili ndilo linalowatia watu haraka, na ushauri unaosikika kila mahali ni kufuata kabla damu haijaoshwa. Kwa jeraha la mapafu, sawa. Kwa jeraha la tumbo sisi hatukubaliani nao. Mnyama aliyelala mita 120 bila alama yoyote ya damu anapatikana kwa kupekua. Aliyefukuzwa kilomita moja, mwenye alama au asiye nazo, ni bahati nasibu. Hoja ya joto ina uzito zaidi: usiku ukizidi nyuzi 10 za Selsiasi, nyama ya aliyekufa mapema huweza kuwa imeharibika asubuhi. Hata hivyo, afadhali kupoteza nyama kuliko kumpoteza mnyama mzima akiwa hai na jeraha.

Muda ukifika, nendeni wawili au watatu, si kundi la watu kumi wa kukanyaga kila kitu. Mmoja asimame kwenye tone la mwisho, mwingine atangulie, akitembea kando ya njia ya damu na si juu yake. Kila mita chache funga kipande cha tishu au utepe mtini. Ukigeuka nyuma, mstari huo utakuonyesha uelekeo hata kama mbele hakuna kitu. Angalia chini ya majani na ubavuni mwa mashina, si ardhini tu. Tone lililo juu ya goti lako lilipakwa na ubavu wa mnyama alipopenya. Damu pande zote mbili za njia maana yake mshale ulitoka upande wa pili. Kwenye majani makavu yenye madoa mekundu ya asili, nyunyizia haidrojeni peroksidi ya dukani: damu hutoa povu, madoa ya jani hayatoi.

Alama zikikatika, acheni kubahatisha. Wekeni duara la mita 50 kutoka tone la mwisho mkalipekue lote, kisha mgawanye eneo katika mistari iliyoachana mita 5 hadi 10, kutegemea kichaka, huku simu ikirekodi njia mliyopita ili pasiachwe pengo. Anzeni na vichaka vizito vya karibu, kingo za maji na mabonde, kwani mwenye jeraha la tumbo mara nyingi hupelekwa huko na kiu. Msimtafute aliyesimama, tafuteni mstari mweupe wa tumbo chini ya kichaka, sikio, au mguu. Kunguru wakilia mahali pamoja, nendeni mkaone.

Jambo ambalo huenda lingebadilisha kisa chako ni mbwa. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inaruhusu mbwa wa kufuata mnyama aliyejeruhiwa, akiwa amefungwa kamba ndefu. Mbwa huyo hategemei damu peke yake: kati ya kwato za kulungu kuna tezi inayoacha harufu kila anapokanyaga, na mbwa aliyefunzwa huweza kuifuata hata baada ya siku nzima na manyunyu juu yake. Chama kiitwacho United Blood Trackers kina orodha ya wenye mbwa hao kwa kila jimbo. Mpigie mmoja wao kabla hujazungukazunguka, kwa sababu watu wakishasambaza damu kwa viatu vyao kila mahali, kazi ya mbwa huwa ngumu mara mbili. Weka namba yake kwenye simu kabla ya msimu.

Mawili ya sheria, kwa kifupi. Kuvuka shamba la mwenyewe kunahitaji ruhusa; hata pale sheria inapolegea, bisha hodi. Na kutembea usiku na tochi mkononi na upinde begani kunaweza kuchukuliwa kama ujangili, kwa hiyo mwulize askari wa wanyamapori wa eneo kwanza, na mweleze unachokifanya.

Sasa kosa la pili, la mshale wenyewe. Upinde wa kisasa wenye roda hurusha mshale kwa takriban mita 85 kwa sekunde. Sauti ya uzi husafiri mita 340. Kwa umbali wako wa mita 32, sauti ilimfikia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mshale ukafika karibu sehemu tatu za kumi baadaye. Kulungu anayeshtuka hukunja miguu kwanza ili aruke, kwa hiyo mwili unashuka na mara nyingi unageuka kabla mshale haujafika. Wako alikuwa ameinua kichwa ananusa, yaani alikuwa ameshaingiwa na shaka. Kwa mnyama wa namna hiyo, mita 32 ni mbali hata kwa mlengaji hodari. Aliyetulia anakula, mita 18, amekupa ubavu au ameelekea kidogo mbali nawe, huyo ndiye wa kupigwa. Anayekuelekea wewe, mwache apite. Aliye karibu kabisa chini ya ulingo pia mwache, kwani mshale ukishuka wima hupata pafu moja tu, na kulungu mwenye pafu moja huweza kwenda mbali sana.

Usingizi wako. Kwanza, ujue hauko peke yako. Katika kambi moja ya jeshi la majini jimboni Maryland, ambako wawindaji walipimwa ulengaji kabla ya kuruhusiwa na rekodi zikawekwa kuanzia 1989 hadi 2006, takriban kulungu 18 kati ya kila 100 waliopigwa kwa mshale hawakupatikana. Hao walikuwa wamepimwa. Anayejigamba hajawahi kumpoteza hata mmoja, ama hajawinda sana ama hasemi kweli.

Pili, andika kisa chote kwenye karatasi moja: saa, umbali, upepo, mnyama alivyosimama, ulichosikia, mshale ulivyoonekana, ulingoja muda gani. Kisha andika mstari mmoja wa lililokwenda kombo na mmoja wa utakachobadilisha. Majuto yasiyo na jina hurudi usiku kwa sura mpya kila mara. Yakishakuwa "nilifuata mapema" na "alikuwa ameshtuka" yanapata mahali pa kukaa. Usirudi ulingoni kesho yake kujithibitisha, wala usikae nje msimu mzima kujiadhibu. Pumzika wiki moja au mbili, na katika hizo fanya zoezi hili: kila siku piga mshale mmoja tu, wa kwanza, mwili haujapashwa moto, ukiwa umevaa koti la kuwindia, kwa kigumba kilekile cha kuwindia. Usiporudia kuupata mduara wa sentimita 15 siku hadi siku, punguza umbali wako, hata ukishuka hadi mita 15.

Wawindaji wengi wenye staha huhesabu kulungu aliyepotea kama kulungu wao wa msimu na kufunga kibali, hata pale sheria isipowalazimisha. Wengi waliofanya hivyo husema kuliwatuliza kuliko maneno ya marafiki. Mzoga nao haukukaa bure: koyoti, mbweha, kunguru na tai huumaliza kwa siku chache.

Kuacha au kuendelea ni uamuzi wako, lakini usiuamue mwezi huu. Iwapo baada ya wiki mbili bado hulali, huli, au unahitaji pombe ili ulale, mwone daktari. Hakuna aibu yoyote.

SWALI: Kaka yangu ndiye aliyewaandikia kutoka Minnesota. Ananipigia simu usiku wa manane akilia. Hapa Kondele nikiwasimulia watu wanacheka, eti mwanamume mzima analilia swala. Nimwambie nini? (Dada mtu, Kisumu)

JIBU: Dada, usimwambie mengi. Mwache akueleze hatua kwa hatua, na umwulize maswali madogo: ulikuwa umekaa wapi, mvua ilianza lini? Sentensi mbili uziepuke: "ni mnyama tu" na "ungengoja". Ya kwanza inamfanya aone haya ya kuona uchungu, na ya pili anajiambia mwenyewe kila saa. Waliokulia Magharibi mwa Kenya wakiona ng'ombe anachinjwa kwa kisu kikali na mkono mmoja wanajua kwa nini mnyama kufa vibaya humkera mtu. Anayecheka hajawahi kushika kisu.

Kuhusu saa: Kisumu iko mbele ya Minnesota kwa saa 8, na kuanzia mapema Novemba, wanaporudisha saa zao nyuma, kwa saa 9. Saa mbili zake za usiku ni alfajiri kwako. Mpangie muda wa kudumu, mathalani saa moja asubuhi yako, ili nawe ulale. Akizungumza kuhusu kujidhuru, usingoje muda huo; mwambie apige 988, namba ya msaada wa dharura wa kihisia huko Marekani, na umtafute mtu wa karibu naye aende nyumbani kwake.

SWALI: Wazee wa huku Mau walikuwa wakipaka mishale sumu na hatusikii wakilalamika kupoteza mnyama. Kwa nini Wazungu wasifanye hivyo, mateso yapungue? (Msomaji, Elburgon)

JIBU: Mzee, hoja yako ina kichwa. Sumu ya mti wa msunguti hushika misuli ya moyo na kuuvuruga hadi usimame. Kwa sumu hiyo mshale hauhitaji kupata mapafu. Ukiingia msulini damu inaibeba. Ndiyo maana upinde usio na nguvu nyingi ulitosha, na Waogiek wa Mau walisifika kwa uwindaji wao. Nyama ililiwa kwa kuwa sumu hiyo haipiti kirahisi kwenye utumbo wa mla, na sehemu ya jeraha ilikatwa ikatupwa.

Lakini kupungua kwa mateso hakuna hakika. Sumu iliyozeeka au kukauka vibaya hupungua nguvu, na mnyama huugua bila kufa. Mwindaji mwenyewe akijikwaruza kwa mshale huo hana dawa ya kukimbilia porini. Karibu majimbo yote ya Marekani yameikataza. Hapa kwetu mjadala uliisha mwaka 1977.

SWALI: Ninaishi karibu na ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Juzi nimemwona swala nje ya ua akichechemea, ana waya mguuni. Vijana walitaka kumkimbiza ili wamsaidie. Wengine walisema achinjwe asiteseke. Lipi sahihi? (Mama Mboga, Nakuru)

JIBU: Mama, yote mawili hapana. Kumchinja, hata kwa huruma, ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kupatikana na nyama yake ni kosa jingine. Kumkimbiza ni kumwua polepole: swala akikimbizwa hadi kuchoka, misuli yake huanza kuoza ndani kwa ndani, na huweza kufa siku kadhaa baadaye hata kama waya umetolewa vizuri.

Ondoa watoto, na mbwa wafungwe. Simama mbali, mita 50 au zaidi, upande ambao hafungiwi njia ya kukimbilia. Piga simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au tuma mtu wa bodaboda hadi lango la hifadhi. Walioko Kisumu waende Hifadhi ya Impala, na wa Kitale waende Saiwa. Wape mambo haya: jinsia yake kama una hakika (swala pala dume ana pembe, jike hana), mguu gani, waya umezama kwenye nyama au unaning'inia, anaelekea wapi, na alama ya karibu kama kanisa au bomba la maji. Piga picha kwa simu kutoka hapo ulipo. Mtu mmoja tu abaki akimwangalia hadi daktari wa mifugo afike na bunduki ya dawa ya usingizi, kwa sababu akiingia kichakani bila mwangalizi, gari zima la askari litarudi mikono mitupu. Waya mwingine mkiuona umetegwa hapo karibu, msiutegue wenyewe. Waonyesheni askari ulipo.